Kwenda Shetland na mbwa wakati wa Wiki ya Sufu

Kila mwaka Septemba ikielekea ukingoni, mitaa ya Lerwick, mji mkuu wa visiwa vya Shetland kaskazini kabisa mwa Uskoti, hujaa watu waliovaa kofia za mchoro mmoja. Rangi hutofautiana, mchoro ni uleule. Hutolewa bure miezi kadhaa kabla, na kila mtu hufuma kofia yake huko kwao ili afike nayo kichwani. Hivyo watu wasiojuana hupungiana mikono barabarani kama waliosoma darasa moja. Mwaka 2015 mchoro ulibuniwa na Donna Smith: kondoo wamepangana kuizunguka kofia nzima. Hiyo ndiyo Wiki ya Sufu ya Shetland, iliyoanza mwaka 2010. Huchukua siku 9, kuanzia Jumamosi hadi Jumapili ya wiki inayofuata, na ndani yake mna madarasa ya kufuma, kusokota na kutia nyuzi rangi, ziara za kwa wafugaji, maonyesho, na soko la mafundi.

Wasomaji wetu walioko Uingereza na nchi jirani za Ulaya wanaofuma wanaijua wiki hii, na wengi wao wana mbwa nyumbani. Je, waende naye? Ushauri wangu ni waende naye, ikiwa wako tayari kwa mambo mawili. La kwanza, ratiba ya safari itamfuata mbwa, si madarasa. La pili, na ndilo kubwa, Shetland kondoo ndiye mwenye nyumba. Sufu yote unayoifuata imetoka mgongoni mwake, na watu wanaokukaribisha wanakula kwa jasho la kumchunga. Mbwa anaingia huko kama mgeni, na adabu ya mgeni huyo iko mikononi mwako.

Kwa hiyo kabla hujalipia chochote, mtazame mbwa wako bila upendeleo. Akiwaona kondoo kupitia dirisha la gari, hufanya nini? Kuna mbwa ambaye hutazama kidogo akarudi kulala. Kuna anayetetemeka mwili mzima, akalia kwa sauti nyembamba na kukwaruza kioo. Huyu wa pili mwache nyumbani kwa mtu anayemjua, kwa sababu Shetland atawaona kondoo asubuhi, mchana na jioni, na nyote wawili mtarudi mmechoka. Vivyo hivyo mbwa asiyeweza kukaa peke yake hata nusu saa, mbwa mzee mwenye viungo vibovu, na mtoto wa mbwa ambaye bado anatafuna kila kitu. Kumwacha mbwa wa namna hiyo nyumbani ni kumtendea haki.

Walioko Nairobi, Arusha au Dar es Salaam wanaotamani kwenda na mbwa wao kwa wiki moja, nawaomba waache. Kwa mbwa anayetoka Kenya au Tanzania, Uingereza inataka awe na chipu mwilini, achanjwe kichaa cha mbwa, kisha zisipungue siku 30 ndipo atolewe damu ya kupima nguvu ya chanjo, na baada ya damu hiyo asubiri miezi 3 mizima kabla ya kuingia. Ongeza dawa ya tegu, ambayo lazima apewe na daktari wa mifugo kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika. Kwa mtu anayehamia, hayo ni mambo ya kuyavumilia. Kwa mtu anayekwenda kununua nyuzi na kurudi, ni mateso kwa mnyama. Wanaotoka nchi za Umoja wa Ulaya hawahitaji kipimo cha damu, lakini chipu na chanjo lazima, na dawa ile ya tegu wengi wao hawaikwepi. Anayetoka Leicester au London hana mpaka wa kuvuka; kwake kinachobaki ni barabara ndefu na bahari.

Na bahari ndiyo ya kuiwazia. Meli ya kwenda Lerwick hutoka Aberdeen jioni na kufika asubuhi, saa moja na nusu. Ikienda moja kwa moja hung'oa nanga saa moja jioni. Ikipitia Kirkwall, visiwa vya Orkney, huondoka saa kumi na moja jioni, maana njia ni ndefu zaidi. Ni usiku mzima, katika maji ambayo vuli ikianza hayana utani. Kampuni ya NorthLink inayoendesha safari hizi ina kabini zilizotengwa kwa wenye wanyama, na pia vizimba. Kabini hizo ni chache, na wakati wa Wiki ya Sufu huisha mapema mno. Mimi ningekata tiketi ya kabini hiyo kabla ya kutafuta nyumba ya kufikia, na kabla ya darasa lolote. Ukiikosa, badilisha siku ya kusafiri. Kufika Alhamisi badala ya Ijumaa si hasara, ni siku moja zaidi ya kumzoesha mbwa mahali papya. Wapo wanaomwacha mbwa ndani ya gari. Sitaha ya magari hufungwa meli ikiwa safarini, wala huwezi kushuka kumtazama utakapo. Mbwa aliyezoea kulala garini anaweza kuvumilia; mwenye woga atapigwa na ngurumo za mitambo na minyororo usiku kucha bila kusikia sauti yako.

Siku ya safari mpe chakula mapema, saa sita au saa saba mchana, kiasi cha nusu ya kawaida yake, na maji kidogo kidogo hadi jioni. Kama hutapika garini, atatapika melini. Zungumza na daktari wake wiki kadhaa kabla, kwani dawa za kichefuchefu za mbwa zipo na ni nzuri, na usimpe za binadamu kwa kukisia. Kabla ya kupanga foleni ya kupanda, mtembeze Aberdeen saa nzima mpaka amalize haja zake zote. Ufukwe wa mji ule ni mrefu na hauko mbali na bandari. Ndani ya kabini tandika sakafuni blanketi lenye harufu ya nyumbani, mbali na mlango. Chombo kikianza kuyumba, shuka ukae naye chini. Atakuegemea, utahisi moyo wake ukienda mbio ubavuni mwako, na baada ya muda atalaza kidevu juu ya mguu wako na kuanza kupumua polepole. Usimpandishe kitandani, meli ikilala upande ataanguka.

Sasa kondoo. Kondoo wa Shetland ni wadogo, wepesi wa miguu, wenye sufu laini sana na rangi za asili ambazo wafugaji huzigawa katika makundi 11: nyeupe, nyeusi, kijivu za aina kadhaa, hudhurungi ya udongo mwekundu, na nyingine. Zamani sufu yao ilinyonyolewa kwa mkono majira ya joto, ikiwa imejiachia yenyewe, na wapo wanaofanya hivyo hata leo. Nyuzi nyembamba zaidi zilifumwa shali za lesi za kisiwa cha Unst, shali ambayo hupita yote ndani ya pete ya ndoa. Nayaeleza haya kwa kuwa mtu aliyekwisha kuishika sufu hiyo mkononi haoni ajabu mfugaji akimkasirikia mwenye mbwa aliye huru.

Mbwa hahitaji kumng'ata kondoo ili amuue. Akimkimbiza tu, kondoo hukimbia hadi moyo ukashindwa, au hujitupa katika mtaro, au penye jabali huenda moja kwa moja baharini, na Shetland majabali ni mengi, kwa kuwa hakuna mahali palipo zaidi ya kilomita 5 hivi kutoka baharini. Sheria ya Uskoti imekazwa. Tangu Novemba 2021, mwenye mbwa aliyewashambulia au kuwasumbua mifugo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 40,000, au kifungo cha hadi miezi 12, au vyote viwili. Yapo mazingira ambamo mfugaji anaweza hata kumpiga mbwa risasi kulinda mifugo yake. Haki ya kutembea mashambani, ambayo Uskoti iliipa sheria mwaka 2003, ni pana na ya kuheshimika. Masharti yake ni kwamba mbwa wako asimsumbue mtu wala mnyama.

Kwa hiyo kamba haitoki. Si milimani, si ufukweni, si mahali ambapo huoni kondoo, kwani mteremko mmoja unatosha kuficha kundi zima. Kamba fupi, mita 2 basi, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani badala ya kola, ili akichomoka ghafla asiumie shingo wala asivue kichwa. Zile kamba zinazojivuta zenyewe ndani ya kishikio ziache nyumbani. Huko uwandani zinampa mbwa mita nyingi za kukimbia kabla hujabana breki. Jambo moja ambalo wageni hawalijui: ukifukuzwa na ng'ombe ukiwa na mbwa, mwachie kamba. Ng'ombe anamtaka mbwa, na mbwa ana mbio kuliko wewe.

Mwanzo wa vuli wafugaji huwashusha kondoo kutoka malisho ya pamoja, na wanakondoo hupelekwa mnadani. Utakuta kundi barabarani. Simamisha gari, zima injini, mshike mbwa asibweke, subiri. Mbwa wa mfugaji akiwa kazini usimwite wala wako asimsalimie. Na pale barabara inapopita juu ya yale mabomba ya chuma yaliyolazwa kuzuia mifugo kuvuka, usimpitishe mbwa hapo kwa miguu: unyayo huteleza katikati, mguu ukavunjika. Pembeni kuna lango. Lifungue, pita, lifunge.

Kuhusu kinyesi nitasema kwa kirefu kidogo, maana watu hudhani ni suala la usafi tu. Minyoo ya mbwa hupita kwa kondoo kupitia majani. Mayai ya tegu hudondoka na kinyesi, kondoo huyala, na ndani ya mwili wake hugeuka malengelenge yanayoharibu nyama na maini. Wenzetu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wanaujua ugonjwa wa jamii hiyo kwa uchungu, kwa sababu huko aina moja ya tegu hiyo humwingia binadamu na kumjaza uvimbe wa maji tumboni, na madaktari wamepambana nao kwa miongo mingi. Mpe mbwa dawa ya minyoo kabla ya safari hata kama sheria haikulazimishi, na kinyesi chake kiokote kila mahali, hata katikati ya nyika ambako hakuna anayekuona. Naye pia umzuie asile mavi ya kondoo. Mbwa wa jamii ya koli, pamoja na Sheltie ambao asili yao ni visiwa hivi hivi, mara nyingi huwa na hitilafu ya kurithi inayowafanya wadhurike vibaya na ivermectin, dawa ya minyoo wanayopewa mifugo, na dawa hiyo hutoka ikiwa bado na nguvu katika mavi.

Ratiba, basi. Madarasa mengi ni ya saa kadhaa, ndani ya ukumbi au jumba la makumbusho, na mbwa haingii, isipokuwa mbwa wa kumsaidia mwenye ulemavu. Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika: mtu kajaza madarasa siku nzima, mbwa anashinda garini. Jua la vuli la Shetland halichomi, lakini upweke wa saa sita unachosha kuliko jua. Nenda wawili. Mmoja asubuhi darasani, mwenzake na mbwa, mchana mbadilishane. Kama uko peke yako, chukua darasa moja kila baada ya siku moja, na muda uliobaki uutumie kwa mambo yanayofanyika nje au yanayotazamwa kwa haraka. Usiione hasara. Wiki ya Sufu haiko darasani peke yake. Iko kwenye gati, kwenye duka la uzi, na kwenye benchi ambapo mama wa makamo amejifunga kiunoni mkanda wa ngozi wenye matundu, ule wa kuchomekea sindano ndefu, na mkono wake unakwenda kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Mbwa aliyetulia miguuni mwako ni mwanzo mzuri wa mazungumzo na mtu kama huyo.

Dukani uliza mlangoni kwanza. Usiingie ukitegemea kuonewa haya. Jamieson & Smith pale Lerwick hununua sufu kutoka kwa mamia ya wafugaji wa visiwani, na penye sufu mbichi, magunia na marobota, pua ya mbwa dume inaweza kumwambia ainue mguu. Sufu iliyokojolewa hairudi sokoni. Mbwa aliyelowa asikaribie rafu za chini. Soko la mafundi nalo hubana watu, wengine wana mzio, wengine wanaogopa mbwa tangu utotoni. Na kama unasafiri na ndugu au rafiki Mwislamu anayechunga tohara, panga mapema mbwa akae wapi garini na nyumbani, mswala na nguo za sala ziwekwe chumba ambacho mbwa haingii. Mkilizungumza kabla ya kuondoka, hakuna atakayekwazika.

Nyumbani mlikofikia, hatari kubwa ni uzi wenyewe. Uzi wa sufu unanukia mnyama, na mbwa huutaka. Akimeza uzi mrefu, ncha moja huweza kunasa huku utumbo ukiendelea kusukuma nyingine, mpaka utumbo ukajikunja na kukatika. Ukiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma, usiuvute. Usiuvute kabisa, hata kidogo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, zaidi kama kulikuwa na sindano ya kushonea mwishoni mwake. Namba ya daktari wa Lerwick iwe kwenye simu yako kabla ya kupanda meli, na kama mtalala Yell au Unst, jueni ratiba ya feri ndogo, kwa sababu kutoka Unst kuna vivuko 2 kabla ya kufika kisiwa kikuu. Nyuzi zote zikae ndani ya mkoba wenye zipu, mkoba ukae juu.

Kuna na keki. Siku za Jumapili kumbi za vijiji huandaa chai na meza iliyojaa vitafunwa, na humo mna zabibu kavu nyingi, ndani ya mikate midogo na keki za matunda. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo za mbwa, wala hakuna anayeweza kukuambia ni kiasi gani hakitamdhuru. Chokoleti pia. Watu wa Shetland ni wakarimu, na mtoto mdogo atamnyooshea mbwa kipande chake kwa upendo. Mwambie kwa upole asimpe, na uwe na chakula chake mfukoni ambacho mtoto anaweza kumpa badala yake.

Wengi hupenda kumfumia mbwa sweta la safari. Ni kazi nzuri, na uzi wa Shetland unafaa kwa sababu nyuzi zake hushikana, haziteremki kirahisi. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, pima mgongo kutoka kola hadi mwanzo wa mkia, kisha fuma kifua kwa mbavu za kuvutika ili akivuta pumzi asibanwe. Kwa dume, upande wa tumbo uishie mapema. Usitie vifungo, atavitafuna. Ila kumbuka kuwa sufu hunywa maji. Hubaki na joto hata ikiwa na unyevu, lakini mvua ya Shetland huja imelala kwa upepo, na sweta lililoloa chapachapa huwa zito na kumchuna mbwa makwapani. Juu yake mvike koti jepesi lisilopitisha maji, na jioni mvue vyote, umkaushe kwa taulo hadi kwenye ngozi.

Wasokotaji utakaowakuta watakuuliza kuhusu manyoya yake, wala hawatanii. Manyoya laini ya ndani ya mbwa, yale yanayotoka kwa kitana, husokoteka, hasa yakichanganywa na sufu ya kondoo. Watu wa Salish, katika pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, walifuga mbwa wa manyoya marefu kwa ajili ya kufuma mablanketi. Ngozi ya mmoja wao, aliyekufa mwaka 1859, imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Ukiwa na mbwa wa aina hiyo, anza kukusanya ya kwenye kitana miezi kabla, yaliyo safi, katika mfuko wa karatasi. Utapata mwalimu.

Kutembea naye kupo kwingi. Ndani ya Lerwick kuna njia inayolizunguka ziwa la Clickimin, na katikati ya matembezi utapita kwenye magofu ya ngome ya mawe ya kale. Ni mzunguko unaotosha kabla ya darasa la asubuhi. Kusini kuna kisiwa cha St Ninian's, kilichounganishwa na kisiwa kikuu kwa ulimi wa mchanga mweupe wenye bahari pande zote mbili, ambako mbwa wa mjini huingiwa na wazimu wa furaha. Hapo mchangani pekee mwachie kamba ndefu, lakini usiifungue. Ng'ambo ya mchanga kuna kondoo. Ukienda Sandness, magharibi, kutazama kiwanda cha Jamieson's ambacho husokota sufu ya visiwani, tembea baadaye pwani ya huko. Chunga sili tu. Vuli ndio wakati sili wa kijivu wanapozaa, na mtoto mweupe aliyelala peke yake kwenye changarawe hakuachwa na mama yake. Geuza njia. Kwenye majabali ya Sumburgh na Eshaness, mbwa atembee upande wa bara, wewe upande wa bahari.

Meli ya kurudi nayo huondoka jioni. Siku hiyo usiweke darasa wala ununuzi wa mwisho baada ya saa nane mchana. Chakula kile kile cha mapema, mzunguko mrefu wa Clickimin, kisha foleni. Blanketi lake usilifue kabla ya hapo, hata kama linanuka. Nyuzi ulizonunua ziende kwenye buti la gari, zisiingie kabini.